Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sifa Tunazosoma na Sifa Tunazodaiwa

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kusikiliza santuri,

Salaam kwenu nyote wa Kampala na Jinja, na kwenu nyinyi wawili wa Arua mnaopanda basi la usiku ili muwahi kikao cha Jumamosi. Naandika kwa Kiswahili kama tulivyokubaliana, maana ndiyo lugha tunayobishania santuri. Tukianza Luganda, wa Arua wananyamaza. Tukianza Kiingereza, tunajikuta tunasema kama majarida tuliyoyasoma.

Mambo ya kawaida niyapitie upesi. Vikao vilifanyika vyote isipokuwa kimoja, umeme ulipokatika kabla santuri ya kwanza haijafika nusu. Hesabu zimekaguliwa na Mama mweka hazina atazisoma mwenyewe. Amplifaya mpya imelipwa yote, hatudaiwi.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Mwaka huu tulikubaliana kusikiliza muziki wa klasiki wa watunzi wa siku hizi na wa wale ambao majina yao hayajulikani sana, na kila rekodi tuisikilize pamoja na maneno ya wahakiki walioisifu. Nilidhani tutajifunza habari za muziki. Tumejifunza zaidi habari za kusifu.

Tulianza nyumbani. Mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet la Marekani lilitoa albamu ya Pieces of Africa, wapigaji wanne, fidla mbili, viola na selo, wakipiga kazi za watunzi wa Afrika. Albamu hiyo ilishika nafasi ya kwanza kwenye chati za jarida la Billboard la Marekani za muziki wa klasiki na za muziki wa dunia. Ndani yake mna kipande kiitwacho Ekitundu Ekisooka, yaani sehemu ya kwanza, kilichotungwa na Mganda mwenzetu Justinian Tamusuza, aliyesomesha Makerere. Kimetoka katika kwateti yake ya Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, Katika Njia ya Msalaba. Wahakiki waliipenda albamu hiyo. Waliandika kuwa ina uchangamfu, ina midundo, ina rangi.

Jioni ile alikuwepo mzee wetu mmoja anayepiga amadinda, marimba ya Buganda, tangu utotoni. Hakusema kitu mpaka kipande kikaisha. Akaomba kirudiwe. Mara ya pili akaweka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya meza akawa anagonga, kisha akaongeza vya kushoto katikati ya mianya. "Huyu ndiye omunazi, anayeanza," akasema, akionyesha fidla kwa kidevu upande spika ilipo. "Huyu ni omwawuzi, anaingia kwenye nafasi anazoacha mwenzake. Hakuna hata mmoja mwenye wimbo. Wimbo unazaliwa kati yao." Marimba yale yana mbao kumi na mbili, na wapigaji wawili wakuu hukaa wakitazamana, kila mmoja na noti zake chache zilizo sawasawa kama hatua za kutembea. Anayesikia kwa mbali husikia wimbo wa tatu ambao hakuna mkono uliopiga peke yake. Tamusuza amelihamishia jambo hilo kwenye nyuzi.

Nilirudi nyumbani na makala zote za sifa tulizokuwa tumechapa, nikazisoma tena moja baada ya nyingine. Katika zile tulizokuwa nazo hapakuwa na hata moja iliyosema alichokisema mzee kwa vidole vinne. Siwalaumu waandishi wake. Mimi mwenyewe nimekuwa na sidii hiyo miaka mingi, nimezaliwa Kibuye, na sikuwahi kuandika sentensi moja juu yake.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa kazi ya mhakiki wa muziki usiojulikana. Anayeandika juu ya simfoni ya Beethoven ana rekodi mamia za kulinganisha: huyu kaenda kasi, yule kavuta. Lakini rekodi ikiwa ndiyo ya kwanza au ya pili duniani, mhakiki hana pa kuegemea ila masikio yake. Akichoka, atakimbilia maneno yaliyo tayari. "Hazina iliyosahaulika" ndilo tulilokutana nalo kupita yote.

Kwa Florence Price, mtunzi mweusi wa Marekani, neno hilo lilituletea ubishi mkali. Simfoni yake ya kwanza ilipigwa na okestra ya Chicago mwaka 1933. Alifariki 1953. Mwaka 2009 masanduku ya miswada yake yakakutwa katika nyumba iliyoachwa huko St. Anne, Illinois. Rekodi ya simfoni zake ya kwanza na ya tatu iliyopigwa na okestra ya Philadelphia chini ya Yannick Nézet-Séguin ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2022, na sifa zikamiminika. Mwalimu wetu wa kwaya akauliza: aliyemsahau ni nani? Mwimbaji mweusi Marian Anderson alipoimba mbele ya umati pale Lincoln Memorial, Washington, mwaka 1939, aliimba pia wimbo wa kiroho uliopangwa na Price. Waimbaji weusi hawakumwacha. Mhakiki anayeandika "amesahaulika" aseme amesahauliwa na nani.

Henryk Górecki, mtunzi wa Poland, tulimpitia jioni moja tu. Simfoni yake ya tatu ya mwaka 1976 ilipondwa na wahakiki ilipopigwa Royan, Ufaransa, 1977. Rekodi ya 1992 aliyoimba Dawn Upshaw ikauzwa nakala zaidi ya milioni moja. Noti ni zile zile.

Rekodi iliyotukalisha kimya ni ya Mieczysław Weinberg, mtunzi Myahudi aliyezaliwa Poland, ambayo jarida la Gramophone liliiteua kuwa rekodi ya mwaka 2020. Weinberg alikimbia Warsaw mwaka 1939, jamaa zake waliobaki wakauawa. Simfoni yake ya ishirini na moja, aliyoimaliza 1991, ni kumbukumbu ya waliokufa katika geto la mji huo, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Karibu na mwisho inatokea sauti ya mwanamke isiyo na maneno, nyembamba, kama mtu anayembembeleza mtoto ambaye hayupo. Tulidhani ni mwimbaji aliyealikwa. Mmoja wetu akasoma katika uhakiki kwamba anayeimba ni Mirga Gražinytė-Tyla, yule yule anayeiongoza okestra. Tukairudia. Safari hii tulisikia kwamba sauti ile haikupambwa kabisa. Sifa ya namna hiyo ndiyo ninayoitaka: sentensi moja iliyotufanya tusikie kilichokuwepo tangu mwanzo.

Sasa jambo linaloniuma. Vijana wetu wameomba wasikie oratorio, yaani utungo mrefu wa dini wa kwaya, ya Mashahidi wa Uganda ya Joseph Kyagambiddwa, iliyopigwa Roma mwaka 1964 mashahidi walipotangazwa watakatifu. Katika kuulizia tulielekezwa kwenye stoo ya taasisi moja ambayo sitaitaja, tukaambiwa mna kanda za kwaya za miaka hiyo. Sanduku lilikuwa chini ya dirisha lililovunjika. Tulipofungua kopo la kwanza likatoa harufu ya siki, na mliowahi kutunza kanda mnajua maana yake: utepe unaoza. Kopo la pili lilikuwa zima, lebo yake imeandikwa kwa penseli neno moja, "Mazoezi". Tumeruhusiwa kuliazima.

Kamati imeamua mambo mawili. Kila kikao, mwanachama mmoja ataandika uhakiki wa rekodi moja ya mtunzi wa Afrika Mashariki, ukurasa mmoja, kwa lugha aipendayo, nasi tutautafsiri kwa Kiswahili. Asitumie neno "hazina". Aseme dakika ya ngapi kunatokea nini, nani anapiga, na kama kuna kasoro aiseme, kwa kuwa sifa isiyoona kasoro haitasaidia kwaya wala mtunzi. Mzee wa amadinda amekubali kuwa wa kwanza. Atasema, na katibu ataandika.

Jambo la pili ni kopo lile. Fundi wa redio wa Katwe ana mashine ya rili inayofanya kazi na ametuahidi Jumamosi ya kikao kijacho. Kanda inaweza kukubali kupigwa mara moja tu, kwa hiyo tutairekodi hapo hapo tukiisikiliza. Tafadhali fikeni mapema, simu zizimwe, na watu wa Arua nitawawekea viti vya mbele.

Mwenyekiti wenu