Kura tunairithi kama shamba la mikarafuu

Ndugu Mhariri,

Kwetu Pemba mtoto huijua rangi ya chama chake kabla hajajua kusoma. Hafundishwi na mtu. Anaiona kwenye bendera ya maskani, kijiwe cha wanachama, anaisikia barazani wazee wanapokunywa kahawa, na siku anapofikia umri wa kupiga kura, babu yake keshamchagulia.

Nasema babu kwa sababu jambo hili halikuanza na CCM wala CUF. Baada ya uchaguzi wa 1957 watu wa Afro (Afro-Shirazi) na wa Hizbu (ZNP), vyama vikuu vya wakati ule, waligomeana maduka, wakagomeana mabasi, wakafika hadi kususiana maziko. Vyama vile vimekufa zamani. Lakini tulipopiga tena kura ya vyama vingi mwaka 1995, baada ya miaka 32, CUF ilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na urais wa Zanzibar ukaamuliwa kwa asilimia 50.2 za Dk. Salmin Amour wa CCM dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF.

Baada ya uchaguzi huo mjomba wangu alifiwa na mtoto. Yeye alikuwa CCM, mtaa mzima CUF. Majirani hawakwenda. Mama yangu, dada yake wa tumbo moja, alikwenda usiku kwa mlango wa uani ili asionekane. Mpaka leo akilikumbuka hulia, na halii kwa ajili ya maiti peke yake.

Maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009 yalituponya kidogo. Kwenye kura ya maoni ya Julai 2010 karibu theluthi mbili ya waliopiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na mwaka ule mjomba alifuturu kwetu. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, tukarudi tulikotoka.

Kisha ikaja Machi 2019. Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo, ikasemwa "shusha tanga, pandisha tanga", na kwa siku chache ofisi za matawi zikapakwa zambarau. Nami nilikuwemo. Nilimpenda Maalim, Mungu amrehemu, na sijutii kumfuata. Ila katika baraza letu hakuna hata mmoja aliyeuliza ilani ya chama kipya inasema nini juu ya karafuu au maji. Hapo ndipo nilipotambua kwamba chama kwetu kilikuwa nguo tu. Tulichokuwa tukikipigia kura miaka yote ni "sisi" dhidi ya "wao". Na Makunduchi kule Unguja, ngome ya upande wa pili, naamini hali ni hiyo hiyo kwa CCM.

Sisemi watu ni wajinga. Wako waliozika jamaa zao Januari 2001 kwa sababu ya maandamano, na huwezi kumwambia mama wa marehemu asahau. Kura yake ni kilio chake. Lakini mwakilishi anayejua kwamba atachaguliwa kwa jina la chama, afanye asifanye, ana haja gani ya kurudi jimboni? Mifereji ikikauka kwa wiki, hakuna wa kumuuliza, maana kumuuliza mtu wetu ni kumpa nguvu adui. Kijana akithubutu huambiwa kanunuliwa.

Mwaka huu binti yangu ameniuliza ampigie nani. Nilifungua mdomo kumjibu, "Sisi watu wa…", nikanyamaza. Nimemwambia aende mikutano ya pande zote mbili, asikilize, na kura yake asinionyeshe.

Ombi langu kwako, Mhariri. Kampeni zikifika, magazeti huandika nani kajaza uwanja. Tuandikie jimbo kwa jimbo: mwakilishi wetu alisimama mara ngapi katika Baraza la Wawakilishi, aliuliza nini, na skuli aliyoahidi imefika msingi au linta. Mchapishe na picha ya jengo lenyewe.

Mkaazi wa Wete, Pemba