Mheshimiwa Diwani, bembea za watoto wetu ziko nauli ngapi kutoka Rangi Tatu, Mbagala?

Mheshimiwa Diwani,

Asalaam aleikum, na heri ya Idi ingawa imeshapita. Natumaini wewe na familia mlisherehekea kwa amani. Kwangu pilau lilitosha na majirani wakapata. Ninayokuandikia ni yaliyofuata baada ya pilau.

Kwanza nijitambulishe, maana wapiga kura ni wengi na sura zinachanganyana. Mimi ni yule fundi cherehani wa pale njia panda, mwenye kibanda cha mabati ya bluu. Kaunda suti uliyovaa siku ya kuapishwa niliishona mimi. Uliitaka kwa siku mbili, ukaipata kwa siku mbili. Nalitaja hilo mapema kwa sababu huko mbele nitazungumzia muda.

Siku kumi za mwisho za Ramadhani huwa silali. Mwaka huu nilishona magauni 31 ya watoto wa watu, na ya wanangu nikayamalizia usiku wa kuamkia Idi, saa tisa, baada ya umeme kurudi. Kitambaa kilichokuwa kimebaki kwenye jora kilikuwa cha njano, chenye vimaua vyeupe. Hichohicho kilijaa Kariakoo nzima mwezi ule, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekishona mara sita. Kumbuka hilo la kitambaa.

Idi Mosi watoto walicheza uchochoroni, wanapisha bodaboda, wanarudi, wanapisha tena. Idi Pili wakanishinda. Wenzao wameenda, wao wamekaa. Nikawakusanya wote wanne tukaenda Coco Beach, kwa sababu bahari haina kiingilio. Kabla ya kutoka nilimwandikia mdogo wao, mwenye miaka sita, namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, kuanzia kwenye kiwiko hadi kiganjani. Wenzangu wengi huku wanafanya hivyo siku ya sikukuu. Ukimwona mtoto wa Mbagala ameandikwa mkono kama mzigo wa basi la mkoani, ujue mama yake hakuwa na mahali pa karibu pa kumpeleka.

Magari mawili, la kwanza la Makumbusho, la pili la Masaki. Nauli ya mwanafunzi ni mia mbili, sawa, lakini mtoto aliyevaa nguo ya Idi hana sare, na konda hana mjadala na mtoto asiye na sare. Kwenda na kurudi niliacha shilingi 14,000 kwa makonda peke yao. Hapo hatujala muhogo.

Kule pwani mchanga wenyewe ulikuwa hauonekani kwa watu. Saa nane na kitu niliinama kumfunga kaka yake kamba za viatu. Nilipoinuka, binti hayupo.

Mheshimiwa, nisikilize hapa. Niliona gauni la njano, nikalikimbilia, nikamshika bega. Mtoto akageuka, si wangu. Nikaona lingine karibu na maji. Si wangu. La tatu lilikuwa lile nililolishona mwenyewe, naijua ile riboni, nimeibana kwa vidole hivi, na ndani yake kulikuwa na mtoto wa jirani yangu anakula barafu. Nikakaa chini kwenye mchanga nikaanza kupiga kelele kama mwendawazimu. Sisi wa Mbagala neno "mtoto amepotea" tunalijua. Mwaka 2009, mabomu ya ghala la jeshi yalipolipuka tarehe 29 Aprili, watoto walikimbia huku wazazi wakikimbia kule, na kuna waliotafutana kwa siku kadhaa. Mimi nilikuwepo. Kwa hiyo usiniambie nilikuza mambo.

Alipatikana karibu saa kumi na mbili jioni, kwa mama mmoja muuza mihogo. Alikuwa amekalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakula muhogo wa pilipili, hana hata habari. Mama yule alikuwa ameshajaribu kunipigia. Maji ya bahari yalifuta tarakimu tatu za mwisho, akawa anabahatisha moja moja kwa salio lake mwenyewe. Alikuwa amefika jaribio la kumi na moja. Mungu amlipe, maana mimi nilikuwa na elfu mbili tu, akaikataa.

Tulifika Rangi Tatu saa nne na nusu usiku. Wa pili alikuwa ametapikia suruali ya baba mmoja ndani ya daladala. Kesho yake nikaanza kuandika barua hii, na nimeiandika mara nne, kila mara nikiondoa maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia kiongozi.

Sasa twende kwenye lako.

Ulipokuja kuomba kura, pale chini ya mwembe, ulinyoosha mkono kuonyesha kiwanja cha nyuma ya kisima ukasema watoto wa kata hii watabembea kwao. Hatukukuomba, ulisema mwenyewe. Akina mama tukapiga vigelegele, na changu nadhani kilikuwa kirefu kuliko vyote. Sitakwambia kwamba ahadi ni deni. Mimi nina deni la vitambaa Kariakoo na linaniamsha kila Jumatatu alfajiri. Hili la kwako sijaona likikuamsha.

Kiwanja kile kina kibao cha bati kilichoandikwa kwamba ni eneo la wazi na ni marufuku kujenga. Kibao bado kipo, kimesimama vizuri tu. Kimeegemea fremu ya kwanza ya duka. Fremu ziko tano sasa: ya simu, ya vipodozi, ya vifaa vya ujenzi, na mbili zimefungwa kwa kofuli zinasubiri wapangaji. Dada wa vipodozi ametundika mawigi yake kwenye kile kibao. Nani aliruhusu, mimi sijui. Mtaani wanasema kodi ya fremu zile inakusanywa na mtu aliye karibu na ofisi ya mtaa. Sina ushahidi, na sitaki kumchafua mtu. Ninachojua ni kwamba tofali la kwanza liliwekwa wiki moja baada ya wewe kuapishwa, na lori lililoleta kokoto lilipita mbele ya kibanda changu mchana kweupe.

Halafu hili la mwekezaji. Kwenye kikao cha mtaa tuliambiwa kuna mtu anatafuta pa kujenga bustani kubwa ya michezo ya watoto, yenye bembea za umeme, treni ndogo na mabwawa ya kutelezea, na kwamba anaelekezwa upande mwingine wa jiji. Tulipouliza kwa nini isiwe huku kwetu, jibu likawa kwamba wakazi wa huku hawana uwezo wa kiingilio.

Hawana uwezo! Njoo Rangi Tatu usiku wa kuamkia Idi, Mheshimiwa, usimame dakika kumi tu pale kwenye viatu vya watoto. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke, wilaya yetu. Kinondoni, iliyo na Coco Beach na ile bustani ya mabwawa ya kuchezea kule Kunduchi, ilihesabiwa watu 982,328. Sina ugomvi na watu wa Kinondoni, nawashonea pia. Nauliza tu mwekezaji gani anakimbia watu milioni moja na laki tatu akidai hakuna wateja. Hiyo 14,000 niliyompa konda ningempa yeye, na wanangu wangerudi nyumbani kwa miguu, hata usiku haujaingia.

Ya Kunduchi wanangu wanaijua kwa picha. Ili kufika unakwenda Makumbusho, unapanda gari la Tegeta, unashuka Mtongani, unatafuta bajaji ya kushuka baharini, na kiingilio bado hujakigusa. Utaniambia Kigamboni kumefunguka tangu daraja la 2016. Kumefunguka kwa mwenye gari.

Tena tunajua inawezekana upande huu. Kila mwaka ukifika msimu wa Sabasaba, viwanja vya maonyesho viko hapahapa barabara ya Kilwa, watoto wanabembea, wanazungushwa, wanapiga kelele. Baada ya 7 Julai siku chache bembea zinafunguliwa boliti, zinapakiwa, basi. Mwanangu wa tatu aliniuliza mwaka jana bembea zinakwenda kulala wapi. Nikamwambia akamuulize diwani.

Nijibu na wale wanaopinga, maana wapo na wengine ni majirani zangu. Mzee mmoja aliniambia zahanati kwanza, madawati kwanza, mfereji wa maji ya mvua kwanza. Mfereji namuunga mkono, chumba changu kimoja kila masika ni bwawa tayari, halihitaji mwekezaji. Lakini nilimuuliza: tangu uanze kusema zahanati kwanza ni miaka mingapi, na zahanati iko wapi? Bembea zimesubiri zahanati, zahanati nayo sijui inasubiri nini, na katikati yake fremu hazikusubiri chochote. Wengine wanaogopa kelele na wahuni. Hilo lina ukweli kiasi. Bustani kubwa ya mwekezaji ikija, wapangaji kama mimi tutapandishiwa kodi na bodaboda watafanya kijiwe mlangoni. Kusema kweli, hapo hata mimi niliyumba. Kuna usiku nilifikiri afadhali ibaki hukohuko. Kisha nikaukumbuka ule mkono wenye wino uliofutika.

Na serikali inalijua tatizo hili kuliko ninavyolijua mimi. Tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora wakiwa wamesongamana kwenye ukumbi wa disko. Tangu hapo sikukuu zikikaribia tunasikia matangazo ya polisi: disko toto marufuku. Sawa, naunga mkono kwa mikono miwili, wangu hawajawahi kukanyaga. Lakini mtoto wa Mbagala ameshaambiwa asiende ukumbini, asiogelee peke yake, asicheze barabarani, asizurure. Hajaambiwa aende wapi. Nchi yetu iliridhia mkataba wa haki za mtoto mwaka 1991, na kucheza kumo ndani yake, kifungu cha 31. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo ipo. Mwanangu wa kwanza aliletewa hayo shuleni kwenye uraia, akapata alama zote. Anajua haki yake ya kucheza vizuri sana, aliisoma akiwa amekaa.

Nilipoanza barua hii nilitaka mambo mengi. Nilitaka mwekezaji aletwe huku kwetu, tena kwa barua rasmi yenye mhuri. Nilitaka fremu zibomolewe, na nilitaka kujua jina la mwenye nazo. Nilitaka uje usimame chini ya mwembe uleule utueleze. Rafiki yangu muuza chapati aliisoma akacheka, akaniambia kwa orodha hii diwani ataisoma mpaka aya ya pili halafu aiweke chini ya glasi ya chai.

Basi nimepunguza, kama nguo ya mtu aliyekonda. Mwekezaji, ukimpata, heri, mlete, na kiingilio kiwe cha mtu wa Mbagala. Usipompata, nyuma ya zile fremu kuna sehemu imebaki. Nilikwenda kuipima Jumapili alfajiri kabla dada wa mawigi hajafungua, kwa futi yangu ya kitambaa. Ina mita 21 kwa 14, ukiacha lile jalala la pembeni. Inatosha bembea nne za chuma, kitelezo kimoja, na benchi la mama kukaa akiwaona wanawe wote bila kuinuka. Fundi wa kuchomelea wa mtaani amesema mabomba ya chuma yawe mazito, miguu izamishwe kwenye zege, na minyororo ipakwe grisi. Ufundi wake atautoa bure, tukimpa vifaa. Akina mama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tumeshaandika zamu za kufungua asubuhi na kufunga magharibi. Mlinzi hatukuombi.

Tunachokuomba ni karatasi moja, yenye saini yako na ya mtendaji, inayosema kile kipande kilichobaki hakijengwi fremu ya sita. Nasema hivyo kwa sababu juzi Alhamisi nimeona mtu anakizungushia kamba.

Moja tu, Mheshimiwa, saini. Bembea tatu zikikushinda nne. Mbili, kama tatu nazo ni nyingi. Iwe kabla ya Idi Kubwa, ambayo iko mbali kuliko siku mbili nilizopewa mimi kwa kaunda suti.

Suti yenyewe, ukiona inabana, ilete nikuachie. Vipimo vyako bado ninavyo, ukurasa mmoja na vya kiwanja.

Wako katika ujenzi wa kata,
Fundi cherehani wa njia panda, Mbagala