Seva haijui kwamba ni wewe

Shangani, Mtwara
Jumapili usiku

Swahiba,

Ujumbe wako wa skripti ya printa, ile inayotembea ukiiamuru mwenyewe lakini inagoma ukurasa wa tovuti ukiiita, niliusoma jana ndani ya bajaji, nikacheka mpaka dereva akageuka kunitazama. Usinune. "Kwa mkono inafanya, kwenye ukurasa inagoma" ndiyo maneno niliyokuwa nayalia mimi mwezi wa kumi, tena mbele za watu. Nisalimie mama, mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe korosho zikipungua ghalani.

Unakumbuka ule ukurasa niliokitengenezea chama cha msingi? Karani anaandika jina la mkulima, kilo, daraja na bei ya mnada, skripti ya PHP (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti) inapiga makato na kujaza hati, kisha inaiita LibreOffice, programu ya nyaraka, kwa exec, njia ya PHP ya kuendesha amri za mashine, ili hati igeuzwe PDF ichapwe. Nimeijaribu nyumbani kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, wiki nzima, safi. Siku ya malipo ilipofika, wazee wamejaa chini ya mwembe, karani anabofya, ukurasa mweupe pe. Anabofya tena. Babu mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, na hiyo mashine nayo inasubiri mnada?"

Jasho lilinitoka, nikafanya kilekile unachotaka kufanya wewe: chmod -R 777, yaani kila mtu apewe kila ruhusa, kwenye folda nzima ya tovuti. Haikusaidia hata chembe. Nilichopata ni kwamba faili lenye nywila ya hifadhidata likawa linasomwa na kuandikwa na kila mtumiaji wa ile mashine, na jioni nzima nikawa narudisha folda 755 na mafaili 644, mwenyewe tu ndiye anaandika. Hati siku ile tuliziandika kwa kalamu.

Nilipotulia ndipo nikafanya jambo ambalo ningelifanya kwanza. Nikaweka whoami, amri inayouliza 'mimi ni nani', ndani ya exec. Jibu: www-data. Basi lile swali lote lilikuwa pale. Kwenye terminali amri naiita mimi, mwenye nyumba yangu na mafaili yangu. Kwenye ukurasa anayeiita ni www-data, mtumwa wa Apache, programu inayohudumia kurasa, asiye na chochote. Halafu nikaongeza 2>&1 mwishoni mwa amri, maana exec hukuletea matokeo ya kawaida tu, malalamiko yanaenda njia nyingine. Yakatoka: LibreOffice inataka kuandika mipangilio yake kwenye folda ya nyumbani ya anayeiita, na nyumbani kwa www-data ni /var/www, folda ya root, msimamizi mkuu wa mashine, na www-data hana ruhusa ya kuandika humo. Yaani hati yangu haikuwa na kosa lolote! Nikatengeneza /var/lib/hati, nikampa www-data umiliki kwa 700, yeye peke yake, na mbele ya amri nikaweka HOME=/var/lib/hati ili hapo pawe nyumbani kwake. Ikakubali mara ya kwanza.

Sasa hili la kwako. Umesema skripti ya kusafisha foleni ya printa iko kwenye folda yako ya nyumbani, nayo umeipa 755, "kila mtu anaweza kuiendesha". Kuiendesha anaweza, kuifikia ndiyo hawezi. Ubuntu, mfumo wa mashine yako, tangu toleo la 21.04 inaunda folda za nyumbani kwa 750, yaani wengine hawaingii, na wewe una 22.04. Ili mtu alifikie faili lazima kila folda njiani impe ile x, ruhusa ya kupita, hiyo 1 ya kwenye hesabu ya kusoma 4, kuandika 2, kupita 1. Wewe umemfungulia mgeni mlango wa chumbani, geti la uani umelitia kufuli. Andika namei -l kisha njia nzima ya skripti, itakuorodheshea ruhusa za kila ngazi na utaliona geti kwa macho yako. Usilifungue lakini. Ihamishie /usr/local/bin, mmiliki awe root, 755.

Skripti yako inaianzisha upya cups, huduma ya uchapaji, na hilo linahitaji root, hapo huna ujanja, ni sudo, amri ya kuazima mamlaka ya root. Ila usimwandikie www-data ruhusa ya kila kitu, nakusihi. Tumia visudo -f /etc/sudoers.d/printa, kihariri cha ruhusa za sudo, na uweke mstari mmoja, wa skripti hiyo tu:

www-data ALL=(root) NOPASSWD: /usr/local/bin/safisha-printa

Jina la faili hilo lisiwe na nukta. Lenye nukta sudo huliruka kimya kimya, mimi limenila saa moja. Na ndiyo maana nimesema skripti iwe ya root: kama www-data anaweza kuihariri, basi atakayeingia kupitia ukurasa wako ataandika humo anachotaka, nawe utamwendeshea kama root.

Kuhusu faili la kumbukumbu kwenye /tmp, folda ya vitu vya muda, umeapa kwamba haliandikwi. Linaandikwa. Apache ya Ubuntu inawashwa na systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, ikiwa na /tmp yake peke yake, kwa hiyo ile unayoichungulia wewe ni nyingine. Ingia kama root, tafuta folda inayoanza na systemd-private ndani ya /tmp, utalikuta limekaa humo linakungoja. Ukichoka na mchezo huo, andikia kumbukumbu kwenye folda utakayomtengea www-data ndani ya /var/log.

Kingine hukukiuliza, ila nimekiona kwenye msimbo ulionitumia. Jina la mtaa unalipachika moja kwa moja ndani ya amri ya kuchapa, katikati ya alama mbili za 'nukuu'. Siku atakapokuja mteja wa Ng'apa, kile kikoma juu cha Ng' kitafunga nukuu yako katikati na amri itavunjika. Huyo ni mtu mwema, anaandika kwao tu. Mjuaji atamalizia na nukta mkato na amri yake mwenyewe. Pitisha kila kinachotoka kwa mteja kwenye escapeshellarg, kitendakazi cha PHP kinachofunga maandishi yasigeuke amri, hata kama ukurasa unatumiwa na karani peke yake.

Ukimaliza, kabla hujagusa kivinjari, jaribu kwenye terminali kwa sudo -u www-data mbele ya amri nzima, yaani uiendeshe kama yeye. Ikigoma hapo, ukurasani itagoma vilevile, na angalau hapa unaona inalalamikia nini. Nakili hayo malalamiko unitumie kama yalivyo, si "imekataa" kama jana. Nipigie baada ya magharibi, mchana niko ghalani simu haishiki vizuri.

Korosho za mama nimezikaanga, kilo mbili. Nazipa basi la kesho asubuhi, kazipokee stendi mwenyewe usimtume mtoto.

Wako,
Mimi wa Shangani