Salamu za Pasaka, na Tawi la Bibi

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu, jamaa na wazazi wenzangu.

Mwenyekiti wa jumuiya amenikumbusha mara mbili kwamba salamu za sikukuu hazijafika, na mlezi wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani, ndiye huziandika. Basi nazitoa. Nawatakieni nyote Pasaka njema, yenye amani, afya na baraka tele za Kristo Mfufuka. Walio safarini wafike salama, wagonjwa wapate nafuu, wafiwa wafarijiwe. Katika hao wa mwisho, mwaka huu nimo na mimi.

Mwaka umekuwa mzito. Habari za bei siwasimulii, sokoni tunakutana. Juzi nilishika kuku wa kienyeji, mwembamba kana kwamba alifunga Kwaresima yote bila kupumzika dominika. Muuzaji aliponitajia bei nikamrudisha tengani taratibu, nikasema nitapita jioni. Sote wawili tulijua sipiti. Nguo za watoto hazikununuliwa. Mkubwa atavaa ya Krismasi, wa kati atavaa ya mkubwa, na kitinda mimba huvaa chochote mradi kina mfuko. Fedha zilikwenda Mbinga mwezi wa Novemba, na msiba hauulizi kama mshahara umetoka.

Tulimzika mama yangu.

Pasaka iliyopita alikuwa kwangu hapa Dar. Jumapili ya Matawi alikaa kibarazani, akachana ukuti kwa ukucha wa kidole gumba, akaulowesha mate kidogo, akakunja msalaba usiozidi kiganja. Watoto watatu wamemzunguka, kila mmoja na ukuti wake uliochanika vibaya. Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21, tulikuwa tunapasha kiporo cha pilau redio ilipotangaza kwamba Baba Mtakatifu Fransisko amefariki asubuhi ile. Mama akaweka sahani chini, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Kaenda na Pasaka yake. Na mimi ningependa hivyo." Yeye akaitwa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na nadhani hakulalamika.

Nimemtaja kwa sababu Pasaka ya nyumbani kwetu ilikuwa mikononi mwake, na sasa wanangu wananitazama mimi. Kumbe mambo mengi nilikuwa nayaona tu, siyafanyi. Dominika mbili kabla ya Pasaka alikuwa akifunika msalaba wa sebuleni kwa kipande cha kitenge cha zambarau. Ijumaa Kuu redio ilinyamaza na kinu hakikutwangwa. Aleluya haikutamkwa nyumbani Kwaresima nzima, na aliyeteleza akaimba alichekwa na wote, kisha akaosha vyombo. Hakuna aliyetuhubiria maana yake. Tuliuliza wenyewe tulipochoka kutojua.

Jambo la Alhamisi Kuu nimelianza mimi na baba watoto, miaka minne sasa. Jioni tunaleta beseni na taulo, baba yao anapiga magoti na kuwaosha miguu mmoja mmoja. Mdogo hucheka kwa kutekenywa hadi maji yanamwagika sakafuni. Mwaka jana mkubwa, ambaye alikuwa ameingia kidato cha kwanza na kuanza kuona aibu, alificha miguu chini ya kochi akasema inanuka soksi. Baba yake akamjibu kwamba hata Petro alikataa kwanza Yesu alipotaka kumwosha. Akaitoa. Hatukusoma somo lolote siku ile, na mpaka leo nikimuuliza habari za karamu ya mwisho, anaanza na beseni.

Mkesha wa Jumamosi Kuu ni mrefu kwa watoto, tusidanganyane. Yanaposomwa masomo yote saba ya Agano la Kale, Farao bado hajazama na wangu wameshalala kwenye benchi, mmoja mdomo wazi. Siwaamshi. Kengele za wimbo wa Utukufu zinawaamsha, maana hazijasikika tangu Alhamisi, na wanakurupuka wakiwa wanaangaza macho kama waliozaliwa upya. Mwaka jana walitaka kwenda na mwanga wa mshumaa wa Pasaka hadi nyumbani. Tukapanda bajaji, mdogo kakinga mshumaa kwa viganja, masika nayo ikitupulizia upepo wenye manyunyu. Ulizimika kabla hatujafika njia panda. Akalia kilio cha msiba. Nyumbani Mama akafungua pindo la kanga, akatoa kiberiti, akamwambia, "Nyamaza baba, hata padre aliwasha kwa kiberiti." Mshumaa ule tuliuwasha mezani kila dominika hadi Pentekoste, siku zote hamsini, ukabaki kipande cha urefu wa kidole.

Madukani sasa kuna mayai ya chokoleti na sungura waliofungwa utepe. Sina ugomvi na anayenunua. Ila sungura ninayemfahamu mimi ni yule wa hadithi, tapeli wa kisimani, na sijui ameingiaje kwenye kaburi la Yusufu wa Arimathaya.

Wazazi wenzangu, hapa naomba mnivumilie. Tumewaachia makatekista kazi yetu. Tunamvalisha mtoto, tunamfikisha kanisani, tunampiga picha kwenye ngazi, tunamlisha pilau, kisha tunasema amesherehekea Pasaka. Waisraeli waliambiwa wale mwanakondoo nyumbani kwao, tena ikaandikwa kwamba watoto watauliza ibada hii ina maana gani, nanyi mtawajibu. Mtoto atauliza nini katika nyumba isiyofanya kitu? Paulo alipoikumbuka imani ya Timotheo hakutaja semina wala kongamano. Alimtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mwanamume unayenisoma, usijifiche nyuma ya majina hayo ya kike, beseni linakusubiri. Mwenye deni la jirani alilipe kabla ya Ijumaa. Aliyenuniana na wifi yake ampigie simu. Zimeni televisheni saa tisa, mpeni mtoto msalaba aushike, asome kituo kimoja cha Njia ya Msalaba kwa sauti yake ya kukwama kwama, na msimkatize kusahihisha. Na msiseme hali ngumu. Maji ya kuosha miguu ni yale yale ya ndoo, kiberiti mnacho, na giza la Jumamosi usiku halina bei, TANESCO hutupatia hata bila kuomba.

Wala tusisahau majirani. Mwaka huu Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, na mwezi wa Ramadhani vilikuja juma moja. Wanangu walikuwa wanakula futari kwa Mama wa nyumba ya pili, uji wa pilipili manga na tambi, wakati mimi nawatangazia maharage ya Ijumaa. Sahani zake za Idi bado ziko kabatini kwangu, na sahani hairudi tupu.

Nilitaka niishie hapo, lakini kuna jambo limenikaa.

Mwishoni mwa Januari paroko alitangaza kwamba matawi ya mwaka jana yarudishwe, yachomwe kwa ajili ya majivu. Nyumbani tulikuwa na matawi manne nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, na la nne lilikuwa lile la Mama. Nikachukua matatu, nikayatia kwenye mfuko. Lile nikaliacha. Lilikuwa limekauka rangi ya chai, lakini mikunjo imeshika vilevile, na nilipolinusa nilidhani nasikia harufu ya mafuta yake ya nazi. Nilisema moyoni, Mungu atanielewa, majivu hayatapungua kwa tawi moja.

Jumatano ya Majivu, Februari 18, tulikwenda misa ya jioni. Padre akanipaka, akaniambia u mavumbi wewe na mavumbini utarudi, nikarudi kuketi. Kitinda mimba akaja nyuma yangu na alama yake nyeusi iliyoteremka hadi puani. Akaninong'oneza, "Mama, la Bibi nililileta mimi. Ulilisahau."

Sikumjibu. Nilitaka kukasirika, nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Usiku ule nilichelewa kunawa uso. Nilikaa jikoni taa imezimwa, nikajigusa paji la uso kwa kidole, kidogo kidogo, nisilifute.

Jumapili hii iliyopita yeye ndiye aliyesuka. Kibarazani palepale, akalowesha ukuti kwa mate, nikamwona anachana kwa ukucha wa kidole gumba na sikumbuki kumfundisha. Msalaba umepinda upande mmoja na mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto. Nimeuweka nyuma ya picha.

Basi, kwa niaba ya familia yangu na walezi wote wa Utoto Mtakatifu, nawatakieni Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi Kuu zenye sala, na heri ya Pasaka. Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli. Mtakaokuja kwangu Jumapili mtakuta pilau ya nyama kidogo na viazi vingi, msiulize. Na mwenye beseni kubwa aniazime kabla ya Alhamisi saa kumi na moja, langu limepasuka.