Risala ya Wahitimu wa Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na wageni waalikwa, tunawasalimu nyote na kuwakaribisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeomba tutumie risala hii kusema jambo moja tulilojifunza wodini: hatari hospitalini haipimwi mara moja ikaisha.

Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara yetu. Kilichojaribiwa ni karatasi moja ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini karatasi hiyohiyo ikizoeleka, hujazwa upasuaji ukishakwisha, tiki juu hadi chini, na faida yake yote imepotea.

Mgonjwa naye habaki alivyopokelewa. Aliyeingia asubuhi akitembea, jioni amepewa dawa kali ya maumivu na anaweza kuanguka akienda chooni. Mama aliyejifungua salama anaweza kuanza kutokwa damu nyingi muda mfupi baadaye. Ndiyo maana tulifundishwa kumwangalia kila dakika 15 katika saa ya kwanza, kazi inayomshinda mkunga aliye peke yake zamu ya usiku.

Tuna maombi matatu. Kila wodi iwe na daftari la matukio, yakiwemo ya nusura, kama sindano iliyogundulika si ya mgonjwa huyo kabla hajachomwa. Mganga mfawidhi alisome kila mwezi pamoja na wauguzi, na aliyeandika asipewe barua ya kujieleza. Barua ikimsubiri, hataandika, na kosa lilelile litamkuta mwenzake wa zamu nyingine. Ombi la pili ni makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani kwa mgonjwa, si mezani kwa chai.

La tatu, mitungi ya oksijeni na vizima moto navyo vikaguliwe hata pasipo ugeni. Mheshimiwa, siku kama ya leo kila kitu hung'aa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu, Stashahada ya Uuguzi na Ukunga