Malalamiko kuhusu hanesi za kukwea miamba mlizotuuzia

Nairobi,
14 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Kwa Bwana/Bi,

KUH: HANESI SITA ZISIZOFAA KUKWEA MIAMBA

Mimi ni mkufunzi wa ukweaji miamba hapa Nairobi. Wengi wa vijana ninaowafunza ni wanafunzi wa vyuo na watu walioanza kazi juzi juzi, ambao huchangishana nauli twende kukwea Lukenya au Hell's Gate wikendi. Januari walichanga tena, wakanikabidhi pesa, nami nikaja dukani kwenu kununua hanesi sita, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayomshikilia mkweaji kwenye kamba, kwa shilingi 11,500 kila moja. Nilimweleza muuzaji wenu kwamba natafuta mambo mawili tu. Ziwe za starehe, kwa sababu mwanagenzi hutumia muda mwingi akining'inia kuliko akikwea, na ziwe za kudumu. Hazikuwa na starehe wala hazikudumu. Lililo zito zaidi ni kwamba mbili kati yake sasa ni hatari kuvaa, ilhali nyingine za aina hiyo hiyo bado mnaziuza.

Nianze na hizo mbili. Pale mbele ambapo kamba hupitishwa kabla ya kufunga fundo, utepe una gamba jeusi kwa nje na nyuzi nyekundu kwa ndani. Sehemu ya chini, inayounganisha vitanzi vya mapajani, ndiyo inayosuguliwa zaidi na kamba. Katika hanesi hizo gamba jeusi limelika hadi nyekundu inaonekana wazi, na ukipitisha kidole unahisi nyuzi zimetimka. Nilipozirudisha dukani niliambiwa eti hiyo nyekundu ni "rangi ya mapambo tu", nikate nyuzi zilizolegea kwa makasi kisha nichome ncha kwa kiberiti.

Si mapambo. Watengenezaji huficha rangi tofauti ndani ya utepe makusudi, ili siku ikijitokeza mvaaji ajue kwamba hanesi hiyo imekwisha na inafaa kukatwakatwa, mtu mwingine asije akaiokota akaivaa. Na kumwelekeza mteja awashe kiberiti kwenye nailoni inayobeba uhai wa mtu ni jambo ambalo sikutarajia kulisikia katika duka linalojitangaza kuwa la vifaa vya milimani.

Mwaka 2006, huko Yosemite, Marekani, Todd Skinner alifariki akishuka kwa kamba kwenye ukuta wa Leaning Tower. Alikuwa mmoja wa wakweaji mahiri wa kizazi chake. Kitanzi cha mbele cha hanesi yake, kile kinachobeba karabina (pete ya metali inayofunguka ya kuunganishia kamba), kilikatika kwa sababu kilikuwa kimechakaa, na mwenzake alikuwa ameshauona uchakavu huo. Kiwango cha Ulaya cha EN 12277 kinataka hanesi ya kiunoni ihimili kilonewtoni 15 inapopimwa, yaani mzigo wa takriban tani moja na nusu. Kitanzi cha Skinner kilichochakaa kilishindwa na uzito wa mtu anayeshuka tu. Kisa hiki huwasimulia vijana wangu kabla hawajagusa mwamba, na ndiyo maana mmoja wao alikagua hanesi yake jioni, akaja kunionyesha ile nyekundu.

Mtasema tumezitumia vibaya, kwa kuwa muuzaji wenu ameshalisema hilo. Hanesi zetu hukaa ndani ya mifuko ya kitambaa, kabatini. Tukisafiri hatuziweki kwenye buti ya matatu, kwa sababu asidi ya betri ikivuja humo hula nailoni bila kuacha alama, nazo tunazibeba mapajani. Najua kwamba mwamba wa Lukenya unaparuza, na najua hanesi inayotumika sana inaweza kuisha ndani ya mwaka mmoja au hata mapema zaidi. Lakini hizi zilitumika wikendi chache, tena na watu wanaojifunza njia fupi wakiwa wamefungwa kamba kutoka juu.

Naomba mtazame lebo iliyoshonwa ndani ya kiuno. Zote sita zinaonyesha zilitengenezwa 2016. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 tangu siku ya kutengenezwa, hata kama hanesi haijawahi kuvaliwa. Basi mlituuzia kama mpya vitu vilivyobakiza takriban mwaka mmoja, kwa bei kamili, na hakuna aliyetutajia tarehe hiyo. Hilo ni kosa langu? Lebo ile imekunjwa ndani ya mshono na muuzaji wenu ndiye aliyepaswa kuifunua.

Halafu kuna jua. Hanesi mnazitundika kwenye kioo cha mbele kinachotazama magharibi. Tatu kati ya zetu zina rangi mbili, upande mmoja buluu iliyokolea, upande mwingine umepauka. Miale ya jua hudhoofisha nailoni polepole, na kupauka ni dalili. Siwezi kuthibitisha kwamba jua ndilo lililoharakisha kuchakaa kwa hizo mbili, ila nina hakika kwamba kifaa cha kuokoa maisha si pambo la dirishani.

Sasa starehe. Muuzaji wenu alibonyeza sponji kwa kidole gumba akaniambia, "Hii ni godoro, mwalimu." Ulaini wa dukani hauna maana yoyote mtu akishaning'inia. Sponji nyepesi hubonyea hadi mwisho, uzito wote ukaangukia kwenye utepe mwembamba ulio ndani, na utepe huo ukauma. Msichana mmoja alishuka kutoka Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba wa Hell's Gate, akiwa na michirizi miwili myekundu kwenye mapaja, miguu imekufa ganzi, ilhali hakuwa amekaa juu hata robo saa. Hanesi nzuri inaweza kuwa nyembamba kabisa, mradi tu utepe wake ni mpana au umegawanywa ili mzigo uenee kiunoni na mapajani.

Wala hakuna "saizi moja kwa wote" kama lilivyoandikwa bango lenu. Mkanda wa kiuno unatakiwa ukae juu ya mifupa ya nyonga na ukazwe hadi usiweze kuvutwa chini kupita mifupa hiyo, kwa sababu mtu akipinduka kichwa chini, mkanda uliolegea unaweza kumvuka. Kijana wangu mwembamba alikaza bizimu hadi mwisho, sponji za pande mbili zikapandana kitovuni, na bado mkanda uliteleza. Mwenzake mwenye mapaja manene alikuwa na shida ya kinyume, kwa kuwa vitanzi vya mapajani havina bizimu za kurekebisha. Niliomba tuzijaribu kwa kuning'inia kabla ya kulipa, nikajibiwa hakuna pa kufunga kamba. Ndoano moja darini na kipande cha kamba vingetuonyesha yote haya kwa dakika tano.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, ulinzi wa afya na usalama wake, na fidia akipata hasara au jeraha kutokana na kasoro. Sisi hatukupewa hata kijitabu cha maelezo ya mtengenezaji.

Kwa hiyo nataka turudishiwe shilingi 69,000 zote. Sitaki kubadilishiwa kwa nyingine za shehena hiyo hiyo. Hanesi zote za 2016 ziondolewe dukani leo, si baada ya kuisha, na kila aliyenunua ajulishwe, maana stakabadhi zenu zina namba za simu za wateja. Muuzaji wenu naye afunzwe na mtu anayekwea. Simlaumu sana, kwani ni kijana mwenye adabu aliyewekwa kuuza kitu ambacho hakuna aliyemweleza. Mkiweka ndoano ya majaribio, mimi niko tayari kuja kuwaonyesha jinsi ya kumpima mteja, bila malipo.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi na picha za lebo na za ile sehemu iliyolika. Hanesi zenyewe ninazo na mnaweza kuja kuzikagua, lakini mbili zilizochakaa sitaziacha mikononi mwenu hadi nizione zikikatwa. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya kwa KEBS, shirika la viwango vya bidhaa nchini, pamoja na picha hizo.

Wako mwaminifu,

Mkufunzi wa ukweaji miamba,
kwa niaba ya wanafunzi wake