Malalamiko kuhusu kifaa cha ishara ya dharura mlichokifunga katika ndege yangu

Ndugu Meneja wa Huduma,

YAH: KIFAA CHA ELT KILICHOFUNGWA KIKIWA NA UTAMBULISHO WA NDEGE NYINGINE

Ninakuandikia nikiwa mmiliki na rubani wa ndege ndogo ya injini moja, yenye viti vinne, ambayo karakana yenu iliifanyia ukaguzi wa mwaka miezi miwili iliyopita. Katika ukaguzi huo niliomba kifaa cha zamani cha kutoa ishara ya ajali, kile ambacho sisi marubani tunakiita ELT, kiondolewe na mahali pake kifungwe kipya cha megahezi 406. Kazi hiyo mliifanya, mkaisaini katika daftari la ndege, nami nikalipa bila kuuliza neno. Sasa imenibidi niulize, kwa sababu kifaa mlichonifungia kinatangaza utambulisho wa ndege ya mteja wenu mwingine, na maelezo niliyopewa kwa simu na fundi wenu mkuu hayakunitosheleza hata kidogo.

Wiki tatu zilizopita, saa kumi na moja jioni, nilitua kwa kishindo katika uwanja wetu. Sifichi jambo hilo: upepo ulipungua ghafla nikiwa karibu na ardhi, na magurudumu yakapiga chini kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Kihisio cha mshtuko ndani ya ELT kilifanya kazi yake na kifaa kikaanza kurusha mawimbi, jambo ambalo silalamikii. Ninalolalamikia ni kwamba taa ya ELT kwenye dashibodi, ambayo ilipaswa kumulika ili nijue kifaa kimewaka, haikumulika. Baadaye nilipofungua paneli nilikuta waya wake umeachwa ukining'inia, ncha yake ikiwa bado imezungushiwa utepe wa gundi, kama ulivyoachwa na mtu aliyekusudia kurudi kuumalizia. Niliiegesha ndege nje, nikaifunga kamba, nikaenda nyumbani.

Fundi wenu mkuu amenikumbusha kwamba rubani makini husikiliza megahezi 121.5, masafa ambayo ELT hulia pia, kabla ya kuzima redio, ili ahakikishe kifaa chake hakilii. Ni kweli, na siku hiyo sikufanya hivyo. Nalikubali kosa hilo kama langu. Hata hivyo kosa langu lingegharimu dakika chache tu za usumbufu na simu moja ya kuniuliza kama niko salama, laiti kifaa kingesema ukweli kuhusu ndege kilimofungwa.

Kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kilipokea ishara kupitia setilaiti, kikasoma utambulisho uliokuwamo, kikafungua rejista ya wamiliki wa vifaa hivi na kumpigia simu mtu ambaye simjui, mwenye ndege inayolala katika uwanja mwingine kabisa. Mtu huyo alikuwa amepaa mchana huo kwa safari ndefu na simu yake ilikuwa imezimwa. Simu iliyopokelewa ni ya mkewe, ambayo ilikuwa imeandikwa kama namba ya dharura. Kwa muda wa saa mbili familia ile ilikaa ikiamini kwamba ndege yake huenda imeanguka, hadi yeye mwenyewe alipowasha simu baada ya kutua salama. Baada ya hapo kituo kikabaki na fumbo: ishara ipo, mahali inapotoka panajulikana kwa kadirio la kilomita chache, lakini ndege iliyotajwa haipo huko wala haina tatizo.

Ilibidi mtu atumwe uwanjani kwetu na redio ya mkononi. Alipita kati ya ndege zilizoegeshwa akiifuata sauti ile ya kulia inayoshuka na kupanda, akiikinga redio kwa mwili wake ili ajue mawimbi yanatoka upande gani, na alipokaribia sana hata akaichomoa antena, kwa kuwa sauti ilikuwa na nguvu ileile kila alikogeukia. Ilipata saa sita ya usiku alipoweka mkono kwenye mkia wa ndege yangu. Hizo ni saa saba tangu nitue.

Kesho yake nilifungua kifuniko cha mkiani na kusoma lebo ya kifaa chenyewe. Utambulisho wa ELT ya megahezi 406 una herufi na tarakimu 15. Kumi na tatu za mwanzo zinalingana na zile zilizo kwenye karatasi mliyonikabidhi, nami nikazitumia kusajili kifaa. Mbili za mwisho hazilingani. Nilipowasiliana na yule bwana kupitia kituo cha uokoaji, alinisomea karatasi yake, nayo ina namba ileile iliyo kwenye lebo ya kifaa changu. Ndege zetu zilikuwa karakanani kwenu katika wiki ileile. Ni dhahiri kwamba vifaa vilibadilishana ndege na karatasi zikabaki palepale.

Msinielewe kwamba ninagombana kwa ajili ya tarakimu mbili. Sababu pekee iliyonifanya niachane na kifaa cha zamani ni kwamba tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kupokea ishara za dharura, haziisikilizi tena megahezi 121.5, masafa hayo yamebaki kwa ajili ya kumwongoza mtafutaji aliye karibu tu. Kifaa cha zamani kilipolia, hakuna aliyeweza kujua ni nani analia. Cha megahezi 406 hurusha ujumbe wa kidijiti wa takribani nusu sekunde, kila baada ya sekunde 50 hivi, na ndani ya ujumbe huo mna jina la ndege, kwa maana ya utambulisho unaomwezesha mwokoaji kumpigia mtu sahihi simu na kumuuliza rubani alikuwa anaelekea wapi na alikuwa na abiria wangapi. Mimi nilinunua jina hilo, nanyi mkanipa jina la mtu mwingine. Lau ningeanguka msituni jioni ile, na yule bwana angekuwa nyumbani kwake simu ikiwa mkononi, angejibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba ndege yake ipo bandani na kwamba hii ni ishara ya uongo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye saini. Daftari la ndege linasema kifaa kilijaribiwa kikiwa ndani ya ndege na utambulisho wake ukathibitishwa. Cheti cha majaribio mlichokiambatisha kinaonyesha namba yangu sahihi, yaani namba ambayo kifaa kilichomo ndani ya ndege yangu hakiwezi kuitoa. Kwa hiyo kilichojaribiwa ni kifaa kingine, au kipimo kilifanyika mezani kabla ya vifaa kuchanganywa. Vyovyote iwavyo, maneno yaliyoandikwa katika daftari si ya kweli, na ninaomba nielezwe aliyeyasaini alikuwa ameona nini.

Linanitia wasiwasi pia jambo ambalo fundi wenu aliniambia tulipozungumza mara ya kwanza, kwamba niwashe tu kifaa nione kama kinalia. Nilikataa. Swichi ikiwekwa kwenye nafasi ya kuwasha, ujumbe wa kwanza wa dharura huenda hewani kabla dakika moja haijatimia, na setilaiti haina namna ya kujua kwamba tunajaribu. Kifaa hiki hupimwa kwa nafasi ya majaribio iliyowekwa na mtengenezaji, na sauti ya 121.5 husikilizwa ndani ya dakika tano za mwanzo wa saa. Fundi anayefunga vifaa hivi kila wiki alitakiwa kunionya mimi.

Mmeniletea pia hati ya malipo ya betri mpya. Kwamba betri ibadilishwe sipingi, maana kifaa kimerusha mawimbi kwa zaidi ya saa moja. Ila saa sita na ushee kati ya hizo saba zimetokana na taa isiyounganishwa na utambulisho usio wangu, hivyo hati hiyo nairudisha pamoja na barua hii.

Ninaomba, kabla siku 14 hazijapita tangu mpokee barua hii, vifaa vyote viwili virejeshwe kwenye ndege zake na visomwe kwa kipimo vikiwa vimefungwa, mimi na mwenzangu tukiwapo; waya wa taa uunganishwe na ukaguliwe; betri ibadilishwe kwa gharama zenu; na maandishi ya daftari yasahihishwe kwa namna inayoonyesha kosa lilikuwa nini. Ninaomba vilevile mwandikie kila mteja ambaye ELT yake ilipita mikononi mwenu kipindi hicho, ili alinganishe lebo na karatasi yake. Mimi na yule bwana tumekwisha kuiarifu rejista ili kila utambulisho uwekewe maelezo ya muda yanayotaja ndege zote mbili. Mpaka kazi itakapokamilika ndege yangu haipai.

Nakala ya barua hii imepelekwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga.

Wako mwaminifu,

Mmiliki na rubani wa ndege